Magunia mawili yanayokosekana kabla ya ng'ombe kuzaa

KILA bei ya maziwa inapojadiliwa nchini Kenya, hesabu huanzia mahali pamoja: kwenye mkebe unaopimwa asubuhi katika kituo cha kukusanyia maziwa. Machi 2024, baada ya agizo la serikali, kampuni ya umma ya New KCC ilipandisha bei anayolipwa mfugaji kutoka Sh45 hadi Sh50 kwa lita. Mjadala uliofuata ulikuwa ule uliozoeleka: nani analipa kiasi gani, malipo yanachelewa kwa muda gani, na maziwa ya kutoka nje yaruhusiwe kuingia kwa wingi upi.

Mjadala huo ni wa haki, ila unahusu lita ambazo tayari zimeingia mkebeni. Kuna lita nyingine ambazo hazifiki kwenye mizani hata siku moja. Hizo hupotea miezi miwili kabla ng'ombe hajazaa, wakati hakamuliwi, hana malipo ya mwisho wa mwezi, na kwa sababu hiyo hana wa kumtetea kihorini.

Katika boma lenye ng'ombe wawili au watatu, anayekamuliwa hupewa nepia changa na chakula cha kiwandani. Aliyekaushwa akisubiri kuzaa huachiwa mabua ya mahindi na mabaki. Mfugaji hafanyi hivyo kwa ujinga wala kwa ukatili. Anafanya kile ambacho mfuko wake, na utaratibu wa chama chake cha ushirika, unamruhusu kufanya. Hapo ndipo tatizo la lishe linapogeuka kuwa tatizo la fedha.

Mkopo unaokatika na maziwa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la maziwa mijini lilikuwa mikononi mwa KCC, na huduma nyingi za mifugo, kuanzia uhimilishaji hadi matibabu, zilitolewa na serikali kwa bei nafuu. Bei ya maziwa iliachwa huru mwaka 1992, huku huduma za serikali zikiendelea kupungua. Vyama vya ushirika, hasa katika Mkoa wa Kati wa wakati huo, vikajaza pengo hilo. Mwanachama akawa anachukua chakula, madini ya kulamba na dawa katika stoo ya chama bila kutoa pesa taslimu, na deni likakatwa kwenye malipo ya maziwa mwisho wa mwezi.

Utaratibu huo umewasaidia wafugaji wengi kuliko benki yoyote. Hauhitaji hatimiliki ya shamba wala mdhamini, kwa kuwa dhamana yake ni maziwa yenyewe. Lakini dhamana hiyo ina kasoro moja inayojitokeza kila mwaka. Ng'ombe akikaushwa, maziwa yanakoma, na mkopo wa chakula unakoma naye. Mwenye ng'ombe mmoja hufungiwa mlango wa stoo kwa siku 60 hivi. Mwenye wawili hukopa kwa jina la yule anayekamuliwa, na ni kawaida kwamba chakula kilichokopwa kwa maziwa ya mmoja hakigawiwi kwa mwingine.

Kwa hiyo ng'ombe hupoteza haki ya kukopa katika kipindi ambacho shilingi inayowekwa tumboni mwake ina uzito mkubwa kuliko karibu kipindi kingine chochote. Ili kuona ni kwa nini, ni lazima kuangalia kinachoendelea ndani ya mwili wake.

Siku 60 zisizo za mapumziko

Neno "kukausha" huwafanya wengi wadhani kwamba ng'ombe huyo amepumzika. Ukweli ni kwamba ana kazi tatu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ndama. Zaidi ya nusu ya uzito wa ndama atakaozaliwa nao huongezeka katika miezi miwili ya mwisho ya mimba. Ya pili ni kiwele. Chembe za kutengeneza maziwa huchakaa katika msimu wa kukamuliwa, na katika siku hizo za ukavu huvunjwa na kujengwa upya. Ndiyo maana ng'ombe anayekamuliwa hadi mlango wa kuzaa, kwa sababu karo ya shule haiwezi kungoja, hutoa maziwa pungufu katika msimu unaofuata, na upungufu huo unaweza kufikia robo. Muda unaopendekezwa wa kukausha ni siku 45 hadi 60.

Kazi ya tatu ni kutengeneza dang'a. Ndama wa ng'ombe huzaliwa bila kinga ya mwili kutoka kwa mama yake, kwa kuwa kinga hiyo haipiti kwenye kondo la nyuma. Huipata kwa kunyonya dang'a, hasa katika saa sita za kwanza. Mama aliyekaushwa kwa siku chache mno, au aliyedhoofika, huweka hatarini mtamba ambaye angekuja kumrithi.

Kazi hizo zote zinafanyika wakati nafasi ya tumbo inapungua. Katika wiki ya mwisho kabla ya kuzaa, kiasi anachokula ng'ombe hushuka, wakati mwingine kwa karibu theluthi. Akishazaa, maziwa hupanda haraka kuliko hamu ya kula. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya nne na ya nane, ilhali hamu ya kula hufika kileleni wiki ya kumi au baadaye. Katikati ya tarehe hizo mbili ng'ombe hukamuliwa zaidi ya anavyokula. Tofauti hiyo huilipa kwa mafuta na misuli aliyojiwekea kabla ya kuzaa.

Asiyejiwekea kitu hana cha kutoa. Maziwa yake hupanda kidogo, husimama mapema, kisha huanza kushuka. Mfugaji huona lita 12 katika wiki ya pili na kufurahi, halafu huona 9 katika wiki ya sita na kulaumu mbegu, mvua au chakula cha wiki hiyo. Chanzo kiko nyuma kwa miezi mitatu.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa lishe ya mifugo ni kwamba kila lita 1 inayoongezeka kileleni huzaa takriban lita 200 katika msimu mzima. Kwa hiyo kilele kikipungua kwa lita 2, kinachopotea ni lita 400, na hakuna nyasi ya mwezi wa tano inayoweza kuzirudisha zote.

Tumbo lenyewe pia linahitaji maandalizi. Vijidudu vinavyosaga chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe hubadilika kulingana na anachokula, na vinahitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea nafaka. Ng'ombe aliyekula mabua kwa miezi miwili, kisha akawekewa kilo 6 au 8 za chakula cha kiwandani siku anapozaa, hupata asidi nyingi tumboni, huacha kula na kuharisha. Wapo wafugaji wanaohitimisha kwamba chakula hicho kilikuwa kibovu, kumbe kilikuja ghafla.

Ushauri wa ng'ambo na ng'ombe wa hapa

Kumlisha ng'ombe nafaka kabla ya kuzaa si jambo geni. Mwaka 1928 Mwingereza Robert Boutflour alilipigia debe mbele ya wataalamu wa maziwa duniani, na mbinu hiyo ikaenea Uingereza na katika makoloni yake. Mashamba ya walowezi huko Kenya yaliifuata, na mpaka leo maafisa ugani huwafundisha wafugaji kuongeza chakula cha kiwandani katika miezi miwili ya mwisho ya mimba.

Katika nchi zenye ng'ombe wa maziwa mengi, mawazo yamebadilika. Mwaka 1999 James Drackley wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha makala iliyokiita kipindi cha kutoka ukavuni hadi kwenye maziwa kuwa mpaka wa mwisho ambao sayansi ya ng'ombe wa maziwa bado haijauvuka. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba ng'ombe anayepewa nishati kupita mahitaji yake wakati wa ukavu hunenepa, hupoteza hamu ya kula anapozaa, huyeyusha mafuta mengi kwa ghafla, na ini lake huzidiwa. Matokeo yake ni ketosisi, maradhi ambayo humfanya ng'ombe akatae nafaka, akonde kwa kasi na maziwa yashuke. Ndiyo sababu mashamba mengi makubwa ya huko huwapa ng'ombe wakavu majani makavu kwa wingi na nafaka kidogo.

Mfugaji wa Nyeri au Nandi akisikia habari hiyo anaweza kudhani kwamba mabua yake yamepata utetezi wa kisayansi. Hayajapata. Ng'ombe wa Marekani anayezungumziwa huanza ukavu akiwa ameshiba na amenona. Ng'ombe wa mfugaji mdogo wa Kenya mara nyingi huanza ukavu akiwa amekonda. Onyo moja linahusu ziada, na la pili linahusu upungufu. Kinachoyaunganisha yote mawili ni kwamba kipimo kisitoke kwenye kitabu, kitoke kwenye mgongo wa ng'ombe mwenyewe.

Wataalamu hutumia alama 1 hadi 5. Alama 1 ni ng'ombe aliyebaki mifupa, na 5 ni aliyejaa mafuta hadi mifupa ya nyonga haionekani. Anapokaushwa na anapozaa anatakiwa awe kati ya 3 na 3.5: mbavu zinahisika kwa mkono ukibonyeza kidogo, lakini hazihesabiki kwa macho ukiwa mbali, na pembeni mwa shina la mkia pana nyama kiasi. Aliye 2 anahitaji kuongezewa chakula mapema. Aliyefika 4 hahitaji nafaka mpaka wiki tatu za mwisho, na hata hapo apewe kidogo tu cha kuzoesha tumbo.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hulipita. Wakati mzuri zaidi wa kurudisha mwili wa ng'ombe ni miezi mitatu ya mwisho ya kukamuliwa, kwa sababu anayetoa maziwa hugeuza chakula kuwa akiba ya mwilini kwa ufanisi kuliko aliyekauka. Ni wakati huohuo ambapo mfugaji hupunguza chakula kwa kuwa maziwa yamepungua. Bado kuna lita tano au sita kwa siku, na bado stoo ya chama inakopesha. Dirisha hilo liko wazi, ila hutumiwa na wachache.

Madini mema yanayogeuka sumu

Kulisha vizuri kabla ya kuzaa si kuongeza kila kilicho kizuri. Homa ya maziwa ndiyo ushahidi. Ng'ombe hulala chini muda mfupi baada ya kuzaa, shingo imepinda ubavuni, masikio yamepoa, na asipotibiwa hufa. Licha ya jina lake, mwili haupati joto. Ni upungufu wa ghafla wa kalsiamu katika damu.

Lita 10 za dang'a hubeba karibu gramu 23 za kalsiamu, kiasi kinachozidi kwa mara kadhaa kile kilichomo katika maji ya damu ya ng'ombe wakati wowote. Mwili lazima uitoe kalsiamu mifupani na kuivuta kutoka chakulani kwa haraka. Iwapo katika wiki za mwisho za mimba ng'ombe amekuwa akipewa kalsiamu nyingi, mitambo ya mwili inayofanya kazi hiyo huwa imelala. Potasiamu nyingi nayo huizuia isiitikie inapoitwa.

Hivyo madini ya kulamba ya ng'ombe wanaokamuliwa, lusani na majani mengine ya jamii ya kunde, ambayo ni neema baada ya kuzaa, yanafaa kupunguzwa au kuondolewa katika wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa. Vivyo hivyo nepia inayomwagiwa samadi mbichi kila wiki kando ya zizi, kwa kuwa majani ya namna hiyo hujaa potasiamu. Nyasi kavu za Rhodes, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na sileji ya mahindi ni salama zaidi, pamoja na kiasi cha chakula cha kiwandani na madini maalumu ya ng'ombe wakavu, yenye magnesiamu ya kutosha. Baada tu ya kuzaa, kalsiamu irudishwe.

Ng'ombe walio katika hatari kubwa ni waliokwisha zaa mara tatu au zaidi, na aina ya Jersey kuliko Friesian. Hata asiyeanguka anaweza kuwa na upungufu uliojificha, unaolegeza misuli ya kizazi na ya chuchu. Huyo ndiye ambaye kondo lake la nyuma hukwama, au ambaye kiwele chake huvimba wiki ya kwanza. Daktari wa mifugo humtibu aliyeanguka kwa kumtundikia kalsiamu kwenye mshipa polepole, kazi isiyofaa kubahatishwa na asiyejua kwa kuwa ikienda kasi husimamisha moyo.

Hesabu ya magunia mawili

Gharama ya yote haya ni kiasi gani? Ichukuliwe kwamba ng'ombe anaanza ukavu akiwa na alama 2.5. Apewe kilo 2 za chakula cha kiwandani kwa siku 39 za kwanza, kisha apandishwe taratibu kwa wastani wa kilo 3 katika siku 21 za mwisho. Jumla ni kilo 141, yaani magunia mawili ya kilo 70. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa gunia, hiyo ni Sh6,000.

Ikiwa kilele kitapanda kwa lita 2, msimu utaongezeka lita 400. Kwa Sh50 kwa lita, hizo ni Sh20,000. Watu wengi wanaotangaza chakula cha ng'ombe huishia hapo. Mchumi hawezi, kwa sababu lita hizo 400 nazo zinataka kulishwa baada ya ng'ombe kuzaa. Zikihitaji nusu kilo kila moja, ni kilo 200 zaidi, au takriban Sh8,600. Ukiondoa na zile Sh6,000 za mwanzo, mfugaji anabaki na Sh5,400.

Ni faida, lakini si utajiri, na ina mipaka yake. Bei ya maziwa ikiwa Sh40, faida hiyo hushuka hadi Sh1,400. Ikishuka chini ya Sh37, kama inavyowahi kutokea maziwa yanapofurika msimu wa mvua, hesabu ya maziwa peke yake huwa hasara. Ng'ombe ambaye kilele chake kitapanda kwa lita 1 tu hatalipa magunia hayo hata kwa Sh50. Kwa ng'ombe wa namna hiyo, aliyenona kiasi au wa uzao duni, sileji nzuri na gunia moja la wiki tatu za mwisho linatosha.

Kinachobadilisha hesabu ni mimba inayofuata. Ng'ombe anayekonda sana baada ya kuzaa huchelewa kuonyesha dalili za joto. Kwa wafugaji wadogo wa Kenya, muda kati ya kuzaa na kuzaa mara nyingi hupita mwaka mmoja na robo, badala ya ule mwaka mmoja na wiki chache unaolengwa. Kila joto linalopita ni siku 21 ambazo ng'ombe anaendelea kutoa, tuseme, lita 5 za mwisho wa msimu badala ya 12 za mwanzo wa msimu mpya. Tofauti ni lita 147, yaani Sh7,350, na hata ikiondolewa gharama ya kuzilisha inabaki Sh4,200. Lishe ya kabla ya kuzaa ikiokoa majoto mawili, imezidi kwa mbali faida ya maziwa yenyewe, na ndama amekuja mapema.

Kisha kuna jambo lisiloingia kwenye jedwali kwa urahisi. Ng'ombe bora wa maziwa huuzwa kwa zaidi ya Sh100,000. Kwa familia nyingi ndiye mali kubwa kuliko zote baada ya shamba. Akifa kwa homa ya maziwa usiku wa kuzaa, kinachozikwa ni karo, bima na mbolea ya shamba la mahindi kwa pamoja.

Nani alipe ng'ombe akiwa mkavu?

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kumwambia mfugaji "lisha vizuri" hakutoshi. Anaweza kujua yote yaliyoandikwa hapo juu na bado asiwe na Sh6,000 katika mwezi ambao ng'ombe hamletei hata senti. Bei za vyakula vya mifugo nazo zimempa somo chungu. Misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022 ilikausha malisho, na vita vya Ukraine vya 2022 vikapandisha bei za nafaka na mbegu za mafuta duniani. Chakula kilipopanda, aliyeondolewa kwanza kwenye bajeti ni yule asiyekamuliwa.

Njia ya kwanza ni vyama kukopesha kwa dhamana ya mimba. Mhimilishaji huandika tarehe ya kupandisha, daktari huthibitisha mimba, na kutokana na hapo siku ya kukausha na ya kuzaa hujulikana. Chama kinaweza kutoa gunia la kwanza siku ya kukausha na la pili wiki tatu kabla ya kuzaa, kisha kikate Sh2,000 kwa miezi mitatu ya kwanza ya maziwa mapya. Kwa ng'ombe wa lita 10 kwa siku, makato hayo ni chini ya sehemu moja ya saba ya malipo ya mwezi. Hatari zipo: ng'ombe anaweza kufa, na mfugaji anaweza kukwepa deni kwa kuwauzia wachuuzi maziwa yake. Chama chenye mtaji mdogo kina haki ya kusita.

Njia ya pili haina deni. Chama kikate Sh2 kwa kila lita ng'ombe anapokamuliwa na kuziweka kwenye akaunti ya chakula ya mwanachama, isiyotolewa ila kwa chakula cha ukavuni. Ng'ombe wa wastani wa lita 10 kwa siku 305 atakuwa ameweka Sh6,100, ambayo ni bei ya magunia yale mawili. Wa lita 7 atakuwa ameweka Sh4,270, yaani karibu gunia moja na nusu. Kwa njia hii ng'ombe hujilipia ukavu wake kutoka kwenye maziwa yake mwenyewe, na chama hakibebi hatari ya mtu kukimbia. Sh2 zinauma, hasa bei ikiwa chini, lakini ni Sh2 za mfugaji zinazomrudia yeye.

Njia zote mbili zinahitaji kitu ambacho vyama vingi tayari vinacho nusu: kumbukumbu. Vinajua kila mwanachama ameleta lita ngapi kila siku, lakini ni vichache vinavyojua ng'ombe gani amepandishwa lini. Mistari hiyo miwili ikiwekwa kwenye daftari moja, meneja wa stoo atajua mapema ni magunia mangapi yanahitajika mwezi ujao, na afisa ugani atajua ni zizi gani la kutembelea wiki hii badala ya kuitwa ng'ombe akiwa amelala chini.

Serikali nayo ina nafasi. Bei ya chini ya maziwa humlinda mfugaji pale tu anapokuwa na maziwa ya kuuza. Sehemu ndogo ya juhudi zinazotumika kupigania shilingi moja au mbili za bei ikielekezwa kwenye ubora wa chakula kinachouzwa katika maduka ya agroveti, na kwenye upatikanaji wa madini ya ng'ombe wakavu vijijini, ingezaa lita bila kumpandishia mnunuzi wa mjini bei ya pakiti.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa ng'ombe wa maziwa, jua hilo ni miezi miwili ambayo mkebe uko mtupu na mwenye ng'ombe hana pesa. Vyama vya ushirika vilijengwa ili mkulima asiikabili miezi ya namna hiyo akiwa peke yake. Kama stoo za vyama hivyo zitaendelea kufunga mlango siku ng'ombe anapokaushwa, bei inaweza kupanda hadi Sh60 na mfugaji bado akabaki akihesabu lita zilezile.